Kansa ya titi: tusiache miezi ipite



Kila mwaka mwezi wa 10 ukifika, watu wanavaa pinki, wanatembea barabarani, wanasikiliza hotuba, kisha kila mmoja anarudi kwake. Ni vizuri. Lakini kansa ya titi, ile ambayo wengi wetu tunaiita kansa ya ziwa, haingoji mwezi wa 10. Ndiyo sababu juma hili tunaandika juu ya mambo ambayo watafiti wameyaona miaka hii ya karibuni, hasa wale waliofanya kazi yao hapa Afrika, kati ya wanawake wanaoishi kama sisi. Mambo ni mengi, lakini karibu yote yanarudi kwenye neno moja: muda. Mama anayefika mapema ana nafasi kubwa ya kupona. Mama anayefika akiwa amechelewa, hata munganga hodari anabaki na kazi ngumu.

Walichokiona katika nchi 5 za Afrika

Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema kwamba mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 duniani walipatikana na kansa ya titi, na karibu 670,000 walikufa. Katika nchi tajiri, kati ya wanawake 100 wenye ugonjwa huu, zaidi ya 90 wanakuwa bado wazima baada ya miaka 5. Je, huku kwetu Afrika?

Kuanzia mwaka 2014, watafiti waliandikisha wanawake zaidi ya 2,000 wenye kansa ya titi katika Uganda, Zambia, Nigeria, Namibia na Afrika Kusini. Utafiti huo unaitwa ABC-DO. Uliongozwa na shirika la kimataifa la utafiti wa kansa lenye makao yake Lyon, Ufaransa. Kongo haikuwamo, lakini Uganda na Zambia ni majirani zetu, na maisha ya wamama wa kule tunayafahamu. Kila miezi 3 wagonjwa ao jamaa zao walipigiwa simu: mama anaendelea namna gani? Amepata dawa? Bado yuko?

Matokeo yalitangazwa mwaka 2020. Baada ya miaka 3, nusu tu ya wanawake wote walikuwa bado wazima. Katika Uganda na Zambia walikuwa chini ya nusu. Lakini katika Namibia, wanawake weupe karibu 90 kwa kila 100 walikuwa wazima, wakati wanawake weusi wa nchi hiyohiyo walikuwa 56 hivi. Mtu asiseme ni mambo ya damu tu. Watafiti walipochunguza tofauti hiyo waliona kwamba sababu kubwa ni hatua ya ugonjwa siku mama alipofika hospitali, na matibabu aliyopata ao aliyokosa. Walikadiria kwamba mahali ambapo wanawake wanakufa sana, vifo 28 mpaka 37 kwa kila 100 vingeweza kuzuiwa kwa mambo mawili: kutambua ugonjwa mapema zaidi, na kutoa matibabu yanayofaa.

Watafiti haohao walihesabu pia watoto. Kwa kila wamama 100 waliokufa na kansa ya titi kabla ya kufika miaka 50, watoto 210 walibaki bila mama. Sisi tunajua maana ya hesabu hiyo. Mama akiondoka, ni nani atakayelipa shule? Ni nani atakayelima shamba la mpunga? Msichana wa miaka 12 ndiye anayegeuka kuwa mama wa wadogo zake.

Miezi inapotea wapi?

Mwaka 2015 ulitangazwa utafiti mwingine uliofanywa katika hospitali 2 za vijijini huko Rwanda, kwa wagonjwa 144 wa kansa ya titi. Waliulizwa: tangu uone dalili ya kwanza mpaka uende kwa munganga, ni muda gani? Na tangu ufike huko mara ya kwanza mpaka uambiwe ugonjwa wako, ni muda gani? Katikati ya hesabu ilikuwa miezi 5 nyumbani, na miezi mingine 5 ndani ya njia ya vituo vya afya na hospitali.

Miezi 5 ya nyumbani tunaielewa. Uvimbe wa mwanzo hauumi. Mama anasema, "Kisichouma si ugonjwa." Ana mtoto mgonjwa, ana bidhaa sokoni, ana deni la likelemba. Anaogopa mume atasema nini. Anaenda kwanza kwa mufumu ao kwa mtu wa maombi. Utafiti huo uliona kwamba waliopitia kwanza kwa waganga wa kienyeji walichelewa zaidi. Hatumkatazi mtu kuombewa. Lakini maombi yanaweza kuendelea wakati mama yuko kwenye mstari wa ekografia. Si lazima kimoja kingoje kingine.

Miezi 5 ile mingine si kosa la mama. Anafika kituo cha afya, anapewa vidonge, anaambiwa arudi nyumbani. Anaenda mahali pengine, anapewa vidonge vingine. Wale waliozungushwa vituoni mara 5 ao zaidi ndio waliochelewa sana. Basi mama aliyekwisha kupata ujasiri wa kwenda anahitaji pia ujasiri wa kurudi na kusema: "Uvimbe bado upo. Ninaomba mnitume kwenye vipimo."

Kwa sababu hiyo, mwaka 2023 OMS iliweka shabaha tatu kwa nchi zote. Kwanza, angalau wagonjwa 60 kwa kila 100 watambuliwe wakati ugonjwa ungali katika hatua ya 1 ao ya 2. Pili, tangu mama afike mara ya kwanza akiwa na dalili mpaka ajue ugonjwa wake, zisipite siku 60. Tatu, wagonjwa 80 kwa kila 100 wamalize matibabu yao. OMS inasema nchi zikifuata njia hii, vifo milioni 2.5 vitaepukwa mpaka mwaka 2040. Hesabu hii ya siku 60 tuishike. Ni kitu ambacho mama yeyote anaweza kuhesabu kwenye kalenda ya ukutani.

Kujua matiti yako mwenyewe

Wengi tulifundishwa kujipapasa kila mwezi kwa kufuata utaratibu fulani. Utafiti mkubwa uliofanywa Shanghai, China, kwa wanawake zaidi ya 266,000 wa viwanda vya nguo, ulionyesha mwaka 2002 kwamba kufundisha utaratibu huo peke yake hakukupunguza vifo. Hiyo haimaanishi tuache kujiangalia. Inamaanisha kwamba hakuna haja ya mtihani mgumu. Haja ni kuyajua matiti yako jinsi yalivyo siku zote, wakati unapooga ao unapojipaka mafuta, ili badiliko likitokea ulione. Na ukiliona, uende. Kujipapasa bila kwenda hospitali hakuokoi mtu.

Utafiti mwingine ulifanywa Mumbai, India, kwa muda wa miaka 20, kwa wanawake zaidi ya 151,000. Wanawake wahudumu wa afya waliofundishwa walipima matiti kwa mikono kila baada ya miaka 2, bila mashine yoyote. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021: ugonjwa ulitambuliwa mapema zaidi, na kati ya wanawake wa miaka 50 na kuendelea, vifo vilipungua karibu 30 kwa kila 100. Hata huko Burera, kaskazini ya Rwanda, wauguzi wa vituo vya afya walipofundishwa kupima matiti na kujua nani wa kutumwa hospitali, wanawake wengi zaidi walitambuliwa wakati ugonjwa ungali mdogo. Hii ni habari njema kwetu ambao hatuna mamografia karibu. Mikono iliyofundishwa inafanya kazi.

Dalili za kutazama ni hizi:

- uvimbe ao sehemu ngumu ndani ya titi ao kwapani, hata kama haiumi;
- titi moja kubadilika ukubwa ao umbo;
- ngozi kuingia ndani, ao kuwa kama ganda la chungwa;
- chuchu iliyokuwa nje kuingia ndani, ao kuwa na kidonda kisichopona;
- damu ao maji kutoka kwenye chuchu wakati hunyonyeshi;
- titi lote kuvimba, kuwa jekundu ao jeusi zaidi na la moto.

Wababa pia wana matiti. Kati ya wagonjwa 100, mmoja hivi ao chini yake ni mwanaume. Baba akiona uvimbe chini ya chuchu, asione haya.

Kwa mama anayenyonyesha

Hapa tunaomba usikivu. Mama anayenyonyesha anaweza kupata titi la moto, jekundu, lenye maumivu na homa. Mara nyingi ni maziwa yaliyoganda ao maambukizo, na dawa za kuua vijidudu zinaliponya. Anaweza pia kupata jipu. Lakini kuna aina ya kansa ya titi inayofanana sana na hali hiyo: titi linavimba haraka, linakuwa jekundu, ngozi inakuwa nene, na pengine hakuna uvimbe unaoshikika. Ndiyo sababu tunasema: ukimaliza dawa na titi halijarudi kuwa kama zamani baada ya juma 1 ao 2, usinunue dawa hizohizo tena kwenye duka la dawa. Rudi, uombe ekografia. Ekografia haimdhuru mama mwenye mimba wala mtoto anayenyonya.

Kunyonyesha kwenyewe kunalinda. Mwaka 2002 watafiti walikusanya tafiti 47 kutoka nchi 30, wakaona kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha inapunguza hatari ya kansa ya titi kwa zaidi ya asilimia 4. Mwaka 2025 watafiti wa Melbourne, Australia, walieleza sehemu ya sababu: baada ya kuzaa na kunyonyesha, askari wa mwili wanaopigana na magonjwa wanabaki ndani ya titi kwa miaka mingi, na wanaonekana kulinda hasa dhidi ya aina moja kali ya kansa ambayo inawapata sana wanawake wenye asili ya Afrika. Hata hivyo, kulinda si kufunga mlango kabisa. Mama aliyenyonyesha watoto 8 anaweza kuugua.

Uvimbe si wote ni kansa

Uvimbe mwingi wa titi si kansa. Wasichana wengi wanapata uvimbe mdogo, laini, unaotembea chini ya vidole. Mara nyingi hauna hatari. Kuna mifuko ya maji, na mifuko ya maziwa kwa wanaonyonyesha. Kuna pia uvimbe mwingine, usio wa kawaida, unaokua haraka mpaka kuwa mkubwa sana. Wanganga wanauita filode. Mara nyingi filode si kansa, lakini lazima uondolewe pamoja na sehemu ya nyama nzima inayouzunguka, kwa maana ukikatwa kwa kubanwa unaweza kurudi. Tunayasema haya ili mama asikae nyumbani akijihukumu. Wengi wanaoenda wanarudi na habari njema.

Lakini macho na vidole peke yake haviwezi kutenganisha. Lazima kipande kidogo cha uvimbe kichukuliwe kwa sindano na kuangaliwa kwenye maabara. Wako wanaosema, "Sindano inaamsha kansa." Si kweli. Wamama waliokufa baada ya kuguswa kisu, mara nyingi walifika ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa.

Jambo moja ambalo watu wengi hawalijui: namna kipande hicho kinavyotunzwa ni muhimu sana. Kinapaswa kutiwa upesi ndani ya dawa ya kukihifadhi inayoitwa formoli. Kikicheleweshwa, maabara inaweza kutoa jibu lisilo sahihi juu ya aina ya kansa. Kwa hiyo ni halali kuuliza: kipande changu kimewekwa ndani ya formoli? Kinapimwa hapa ao kinatumwa? Nirudi siku gani kuchukua jibu?

Kwa nini aina ya kansa ina maana

Kansa ya titi si ugonjwa mmoja. Nyingine inakula homoni za mwanamke. Kwa hiyo kuna kidonge kinachoitwa tamoksifeni, kinachozuia homoni zisiifikie. Kidonge hiki kilianza kutumika zaidi ya miaka 40 iliyopita, na bei yake si kama ya dawa mpya. Mama akikimeza kila siku kwa miaka 5, hatari ya kufa na ugonjwa huo inapungua karibu kimoja kwa tatu. Lakini kinafaa tu ikiwa kansa ni ya aina hiyo. Mwaka 2014 watafiti walikusanya tafiti nyingi za Afrika, wakaona kwamba pale ambapo vipande vilitunzwa vizuri, zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa na aina hii. Nyingine ina alama inayoitwa HER2, na dawa yake ni trastuzumabu, ambayo OMS iliitia kwenye orodha ya dawa za lazima mwaka 2015, ijapokuwa bei yake bado inawashinda wengi. Aina ya tatu haina alama hizo; hiyo inatibiwa hasa kwa upasuaji na kemoterapia.

Wamama wanauliza: lazima titi likatwe lote? Tafiti zilizofuata wagonjwa kwa miaka 20 zilionyesha mwaka 2002 kwamba kuondoa uvimbe tu na kisha kuchoma titi kwa miale kunampa mama maisha marefu sawa na kukata titi lote. Lakini mashine ya miale haiko Kindu. Kinshasa iko katika hospitali ya Nganda. Nje ya nchi iko katika Taasisi ya Kansa ya Uganda kule Kampala, iliyoanza mwaka 1967, na katika Taasisi ya Ocean Road kule Dar es Salaam. Ikiwa mama hawezi kufika huko, munganga akimshauri aondoe titi lote si ukatili wala uvivu. Ndiyo njia iliyo salama zaidi kwake. Na titi likiondoka, mama bado ni mama, bado ni mke. Hilo wababa walisikie pia.

Ndani ya ukoo

Wagonjwa wengi hawana mtu wa ukoo aliyeugua. Lakini familia nyingine zinarithishana hatari. Mwaka 1994 na 1995 watafiti waligundua jeni 2, BRCA1 na BRCA2. Zikiwa na kasoro, zinaongeza hatari ya kansa ya titi na pia ya mifuko ya mayai ya mwanamke. Kwa hiyo, ikiwa mama ao dada yako aliugua titi akiwa bado kijana, mwambie munganga. Na tumbo likivimba kwa majuma mengi bila sababu, ao ukishiba upesi baada ya kula kidogo tu, usiseme ni minyoo. Hilo si uchawi wa ukoo. Ni hatari inayoweza kufuatiliwa.

Kikundi chetu kinaweza kufanya nini?

Hatuwezi kuleta mashine ya miale Kindu kwa mkutano mmoja. Lakini ile miezi 5 ya nyumbani iko mikononi mwetu, na sehemu ya ile miezi mingine 5 pia. Tunapendekeza kila kikundi kijadili mambo haya:

1. Mchague wamama 2 wa kusindikiza. Mama akiona dalili, asiende peke yake. Msindikizaji anavuka naye mto, anasikiliza maneno ya munganga, anauliza maswali ambayo mgonjwa anasahau kwa woga.

2. Muwe na daftari. Andikeni tarehe ya kwanza mama alipofika kwa muuguzi, kisha hesabuni. Siku ya 30 mmefika wapi? Siku ya 60 jibu limepatikana? Likiwa bado, kikundi kiende pamoja naye kuuliza kwa heshima.

3. Tengeni sanduku la ekografia na vipimo. Wengi wetu tuna likelemba ao kikundi cha akiba. Kiasi kidogo kila juma kinaweza kulipa kipimo cha kwanza cha mwenzetu bila yeye kungoja kuuza mbuzi.

4. Mwiteni muuguzi ao mkunga wa kituo chenu aje kwenye mkutano awaonyeshe wamama namna titi linavyopimwa, na aseme wazi anawatuma wapi wenye uvimbe.

5. Ongeeni na mume mapema, kabla ya siku ya upasuaji. Mtu mzima anayeheshimiwa katika ukoo anaweza kufungua mazungumzo hayo vizuri kuliko mgonjwa mwenyewe.

6. Msimwache mama katikati ya matibabu. Kemoterapia inachosha, nywele zinaanguka, pesa zinaisha, na wengi wanaacha baada ya mara 2 ao 3. Hapo ndipo chakula kilichopikwa na mwenzake, na mtu wa kubaki na watoto, vinakuwa dawa pia.

Kuna mama mmoja anayesoma karatasi hii ambaye amekwisha kushika uvimbe na hajamwambia mtu. Mama, mwambie mmoja wetu juma hili, kisha nenda kituo cha afya naye. Pengine si kansa. Na ikiwa ndiyo, ni afadhali ijulikane leo ingali ndogo. Kwenye mkutano wenu ujao, msomeeni barua hii yule asiyejua kusoma, na hesabu ya siku 60 ianze.